MGENI WA SIKU YA TATU: Maneno Machache Juu ya Msimbo wa Mfano

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Tunaichapa karibu yote kama ilivyosemwa. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia aliniomba niseme neno juu ya kazi yangu ya kutengeneza tovuti, kwa kuwa vijana wa klabu ya kompyuta wamekabidhiwa kutengeneza tovuti mpya ya shule, na ndani yake litakuwamo daftari la michango ya mfuko wetu wa kuwasaidia wanafunzi wenye shida ya nauli, sare na magodoro. Kwa hiyo sitakwenda mbali. Nitasema juu ya jambo dogo ambalo vijana hao watakutana nalo siku ya kwanza ya kazi, kabla hawajaandika hata neno moja la kwao.

Naomba nianze na kisa cha hapa hapa. Tulipokuwa kidato cha pili tulifundishwa kuandika barua ya kuomba kazi, na kitabu chetu kilikuwa na barua moja ya mfano. Mwenzetu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na ameniruhusu nimseme mradi nisimtaje jina, alitaka kazi ya likizo katika duka moja mjini. Akainakili ile barua kwa mwandiko safi ajabu, toka anwani hadi sahihi. Ila hakubadili jina. Mwenye duka akajibu kwa ukarimu kabisa, na barua yake ikaja shuleni kwa jina la mtu wa kitabuni. Ikakaa siku nne kwenye ubao wa matangazo bila mwenyewe, mpaka likizo ikaanza na nafasi ikachukuliwa na mwingine.

Tulicheka sana. Lakini ndugu zangu, mimi niliyecheka nilikuja kufanya kosa lilo hilo nikiwa mtu mzima, tena kwa mali ya watu.

Sasa niwaeleze wale wasioifahamu kazi hii. Zamani mtu aliyetaka tovuti aliandika kila kitu mwenyewe. Siku hizi hutoa amri moja tu kwa kompyuta, na kwa dakika chache huletewa mradi mzima uliokwisha kuanzwa: mafaili kadhaa, mipangilio yake, na ukurasa wa kwanza unaofunguka. Hayo maandishi yanayokuja na mradi ili kuonyesha njia ndiyo msimbo wa mfano.

Desturi hii ina asili yake. Mwaka 1978 Brian Kernighan na Dennis Ritchie walichapa kitabu chao juu ya lugha ya C, na programu ya kwanza ndani yake haikufanya lolote ila kuusalimu ulimwengu kwa maneno mawili. Tangu hapo karibu kila mwanafunzi wa kompyuta ameanza kwa salamu hiyo. Makusudi yake ni mema: ukiona salamu imetokea, unajua vyombo vyako vimekaa sawa.

Basi na mitambo ya kutengeneza tovuti imefuata desturi hiyo. Ukianzisha WordPress, ambayo ilitoka mwaka 2003, unakuta makala moja ya salamu, maoni ya msomaji wa bandia, na ukurasa wa mfano wenye habari za kijana wa Los Angeles apelekaye vifurushi kwa baiskeli mchana na kutamani uigizaji usiku, ambaye ana mbwa aitwaye Jack. Ukianza mradi wa ASP.NET wa Microsoft, mara nyingi unakuta utabiri wa hali ya hewa ambao haukupimwa na mtu yeyote. Joto lake hubahatishwa na kompyuta. Chombo cha Create React App, kilichotoka mwaka 2016 na kustaafishwa na wenyewe Februari 2025, kilikuletea alama inayozunguka katikati ya ukurasa, na jina la ukurasa likasomeka “React App”. Wengi waliotengeneza tovuti kwa chombo hicho walibadilisha kila kitu ila jina hilo. Mteja anafungua tovuti ya duka la dawa au ya kampuni ya mabasi, na juu ya kivinjari chake panasomeka jina la chombo kilichoijenga. Hiyo ndiyo barua ya mwenzetu wa kidato cha pili.

Wahenga wetu wametuachia kanuni inayolitosha jambo hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msimbo wa mfano ni mgeni. Siku ya kwanza mkaribishe, mwangalie, msikilize. Siku ya pili muulize ametoka wapi na anajua kazi gani. Siku ya tatu ama ashike jembe alime shamba lenu, ama aage kwa heshima. Lisilofaa ni kumwacha akae barazani mwaka mzima pasipo mtu nyumbani anayejua ni nani. Na lisilofaa vile vile ni kumfukuza usiku kabla hujajua kwamba ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa mlango.

Makosa ni hayo mawili. Nianze na la kwanza, la kuacha.

Yawezekana mtu akasema: jina la ukurasa ni aibu tu, haliui mtu. Ni kweli. Lakini mfano ulioachwa unaweza kufanya zaidi ya kuaibisha. Miaka ya mwanzo ya tovuti, seva iliyotumika sana ilikuwa ile ya NCSA, kituo cha Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, na baadaye Apache iliyotokana nayo. Pamoja na seva hizo zilikuja programu ndogo ndogo za mfano. Moja iliitwa phf. Kazi yake ilikuwa kuonyesha jinsi fomu ya kutafuta majina katika daftari la simu inavyoweza kufanya kazi. Wengi hawakuihitaji, wala hawakujua wanayo. Ndani yake palikuwa na kasoro: ilizichuja alama za hatari kutoka kwa mwandikaji, lakini ilisahau alama moja, ile ya kuanza mstari mpya. Mtu mwovu aliyeipenyeza alama hiyo aliweza kuiamuru kompyuta ya mwenyewe, pamoja na kuiambia imsomee faili la watumiaji wake. Machi 1996 taasisi ya CERT ilitoa tahadhari juu ya msimbo huo wa mfano, ikiwataka wenye seva wauondoe au waurekebishe. Fikirini: milango ilifunguliwa na daftari la simu ambalo hakuna aliyelitumia.

Hayo hayakwisha na mwaka 1996. Shirika la OWASP, linaloorodhesha hatari kubwa za tovuti, katika orodha yake ya mwaka 2021 liliweka mipangilio mibovu katika nafasi ya 5, na kisa cha kwanza lilichotoa kueleza hatari hiyo ni programu za mfano zilizoachwa kwenye seva ya kazi.

Sasa naja kwenye langu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitakitaja. Kilikuwa na wanachama zaidi ya 200: walimu, wauguzi, mama lishe, na wazee waliostaafu. Mtunza hazina alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeandika daftari lake kwa wino mweusi na kulipigia mstari kwa rula. Nilitumia Django, mtambo mzuri uliozaliwa katika ofisi ya gazeti mjini Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2005.

Mradi mpya wa Django huja na mpangilio uitwao DEBUG ukiwa umewashwa. Umewekwa hivyo kumfaa fundi: kosa likitokea, ukurasa unamweleza kwa kirefu limetokea wapi. Juu yake mna onyo la maandishi kwamba usiende nao kazini. Mimi niliona onyo hilo kila siku, na kwa sababu nililiona kila siku nikaacha kulisoma. Tena katika wiki ya kwanza nilikuwa nimenakili mfano mmoja kutoka kwenye masomo ya chombo hicho, nikautengenezea anwani yake, ili nione kama orodha ya wanachama inatokea. Ilitokea, nami nikafurahi nikaendelea na mengine. Ule ukurasa wa majaribio haukuwa na mlinzi wala neno la siri, nao haukuwa na majina ya kubuni. Niliujaza orodha ya kweli niliyopewa na yule mama, kila jina na akiba yake, kwa uvivu wa kutunga majina kumi.

Tovuti ikafunguliwa. Wiki ya tatu mwanachama mmoja alikosea kuandika anwani. Badala ya kuambiwa kwa ufupi kwamba ukurasa haupo, aliletewa ukurasa wa njano wenye kuorodhesha anwani zote za tovuti yetu, moja baada ya moja, na miongoni mwake ile ya majaribio. Mpwa wake aliyekuwa karibu akaiandika ilivyo. Hakuvunja kufuli lolote, kwa sababu kufuli halikuwapo.

Mtunza hazina alinipigia simu saa moja asubuhi. Hakufoka. Alisema, “Mwanangu, watu wanaziona fedha za wenzao.”

Kurekebisha kulinichukua dakika mbili. Nilizima mpangilio mmoja, nikafuta mistari mitatu. Lakini maneno yalikwisha kutoka. Mzee mmoja alikuwa akiweka akiba kimya kimya ili aezeke nyumba, na ndugu wote wakajua kiasi alicho nacho. Kabla mwezi haujaisha kila mmoja alikuwa amemletea shida yake, na bati hazikununuliwa. Wanachama kadhaa waliondoa fedha zao. Yule mama alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mimi nilirudisha malipo yangu, lakini imani hairudishwi kwa hundi.

Hilo ndilo kosa la kuacha. La pili ni la kufuta bila kusoma, nalo huwapata zaidi wale walioungua na la kwanza. Nami lilinipata. Baada ya aibu ile niliapa kwamba kila mradi mpya nitaufagia wote siku ile ile. Nikawa nafuta kila nisichokiandika.

Katika ukurasa wa mfano mna mstari mmoja mfupi uitwao viewport. Kwa macho hauonyeshi kitu. Nikaufuta. Kwenye kompyuta yangu tovuti ilikuwa nzuri. Kwenye simu za watu ikawa na maandishi madogo kama sisimizi, kwa maana pasipo mstari huo simu hudhani imepewa ukurasa wa kompyuta kubwa, nayo huubana wote uenee kwenye kioo chake. Na wasomaji wetu wengi, kama mjuavyo, hawana kompyuta, wana simu.

Baya zaidi nililiona kwa fundi mwenzangu. Fomu yake ilikuwa ikikataliwa kila ilipotumwa. Akatafuta, akaona katika mipangilio ya Django mstari wa mlinzi aitwaye CSRF, ambaye hakumweka yeye, akamfuta. Fomu ikapita, naye akafurahi. Kumbe mlinzi huyo kazi yake ni kuhakikisha kwamba ombi limetoka kweli kwenye ukurasa wetu, wala si kwenye ukurasa wa tapeli aliyemhadaa mtumiaji abonyeze kitu asichokijua. Fomu ilikataliwa kwa sababu ilikosa alama ya utambulisho, mstari mmoja tu wa kuongeza. Yeye badala ya kuipa fomu kitambulisho alimfukuza askari wa langoni.

Na lipo la tatu, dogo lenye mafunzo. Ile Create React App ilikuja na jaribio moja la mfano, ambalo liliukagua ukurasa kuona kama yamo maneno “learn react”. Mara tu ulipoandika ukurasa wako, maneno hayo yalitoweka na jaribio likashindwa. Wengi walichukia, wakafuta jaribio, na tangu siku hiyo mradi wao haukuwa na jaribio hata moja. Wachache walifanya kama inavyopasa: walilibadili likague jambo la kwao, kwa mfano kwamba jina la duka linaonekana. Hao ndio waliompa mgeni jembe.

Basi vijana, mtafanyaje? Nitawapa utaratibu ninaoufuata sasa, nao si mrefu.

Kwanza, mradi ukifika msiuguse. Uwasheni kama ulivyo, mwone unafanya kazi. Kisha uhifadhini katika Git, chombo cha kumbukumbu alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ukiwa vile vile kama ulivyoletwa. Hapo chochote mtakachofuta kesho mtaweza kukiona tena keshokutwa, na siku zote mtajua lipi liliandikwa nanyi na lipi lilikuja na mgeni.

Pili, fungueni faili moja moja, na kwa kila moja mwulizane: linafanya nini? Nani analitegemea? Sisi tunalihitaji? Msipoweza kujibu swali la kwanza, msifute wala msiendelee. Someni maelezo ya wenye chombo au mwulizeni aliyewatangulia.

Tatu, mkifuta, futeni kitu kimoja, washeni, tazameni, hifadhini. Mkifuta kumi kwa mpigo na nyumba ikaanguka, hamtajua nguzo ilikuwa ipi.

Nne, mnapojaribu, msitumie majina ya watu wa kweli. Tungeni majina. Mkihitaji barua pepe ya bandia, tumieni example.com, jina lililotengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya mifano, ili barua ya majaribio isimfikie mtu.

Tano, kabla ya kufungua tovuti, simameni nje yake kama wageni. Andikeni anwani ya makosa kusudi, mwone inawajibu nini. Someni jina lililo juu ya kivinjari. Ifungueni kwa simu ya bei ndogo. Tafuteni katika mafaili yote maneno ya mfano yaliyosalia. Vyombo vyenyewe vitawasaidia: Django ina amri ya kukagua mradi kabla ya kwenda kazini, na tangu toleo la 3.2 la mwaka 2021, ufunguo wa siri unaokuja na mradi mpya huanza kwa maneno yanayotangaza waziwazi kwamba si salama. Onyo likija, lisomeni kila siku kama mara ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi akili bandia huandika yote haya, ya nini kuhangaika? Nami naitumia. Lakini iandikayo hiyo nayo ni mgeni, tena mgeni mwenye maneno mengi. Ukipokea mistari 300 usiyoisoma, umeikaribisha barua ya mtu wa kitabuni nyumbani kwako, ndefu zaidi kuliko ile ya kwanza. Kanuni haibadiliki: mstari unaouweka mbele ya watu ni wako, nawe utaulizwa wewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie. Baada ya miaka miwili yule mama mtunza hazina aliniita tena. Alitaka tovuti ijengwe upya, akaweka sharti moja: kabla haijafunguliwa, nije nimsomee kila ukurasa kwa sauti na kumweleza kazi yake. Nilikaa naye mchana kutwa kwenye veranda yake. Mara mbili aliniuliza, “Na huu ni wa nini?” nami nikakosa jibu. Kurasa hizo mbili tulizifuta pale pale. Sijapata mwalimu wa kompyuta aliyenizidi kwa yule mama, ingawa hakupata kuandika msimbo maishani mwake.

Kwa hiyo ninawaomba vijana wa klabu jambo moja. Tovuti ya shule itakapokuwa tayari, kabla ya kuifungua, mwalikeni mtunza hazina wa mfuko wetu. Mketini naye. Msomeeni kila ukurasa, kisha mwonyesheni nini kinatokea akikosea anwani. Humo yatakuwamo majina ya watoto wanaopewa magodoro na nauli, na hakuna mtoto anayestahili kuisoma shida yake kwenye simu ya mwenzake bwenini. Kila atakapouliza “Na huu ni wa nini?”, ama mjibu, ama mfute.

Na yule mwenzetu wa barua ya dukani ameniomba niwaambie kwamba siku hizi ana duka lake mwenyewe. Kila anapopokea barua ya kuomba kazi, kitu cha kwanza anachotazama ni jina.